Boti ya Chiwanda na Mkutano Ulioishia Kwenye Salamu

Siku niliyoaga ofisi yetu pale Mbinga mjini, wenzangu walinifanyia sherehe ya kustaafu. Sijafika hata miaka arobaini, lakini walinikabidhi jembe, kitenge na kiti cha plastiki, kama anavyokabidhiwa mwalimu mkuu aliyemaliza utumishi wake. Mama Hyera, katibu muhtasi wetu, akasimama na kusoma risala: "Leo tunamuaga mzee wetu Editha Kinunda, aliyeitumikia mikutano ya mtandaoni tangu enzi zile watu wanaweka simu sikioni." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza: kwa nini jembe? Walitaka kusema kwamba kazi ya ofisini sikuiweza?

Ndivyo nilivyo, wadogo zangu, na ni vizuri mnijue mapema. Mtu akinijibu "Sawa" bila kuongeza neno, nashinda najiuliza nimemkosea nini. Nilipomaliza chuo na kupata kazi ile, niliogopa kwamba kuwaza kwangu kungenifukuzisha. Baadaye niligundua kwamba anayeandaa mikutano ya mtandaoni analipwa kwa kuwaza. Anawaza mvua, anawaza chaji, anawaza kuku. Nyinyi mnaoingia sasa mmeniomba niwaandikie nilichojifunza, na nimejaribu kuacha yale mnayoweza kuyapata kwenye maelezo ya programu. Pa kubonyeza mnapajua kuliko mimi.

Kwa wale wasiotufahamu, tulikuwa shirika dogo la afya. Vituo vyetu vingine vilikuwa huku milimani, kwa wakulima wa kahawa na mahindi, na vingine kule chini, pwani ya Ziwa Nyasa. Mkurugenzi alikaa Dar es Salaam, wafadhili walikaa mbali zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha wote hao kwenye kioo kimoja bila mtu kupanda basi. Jambo kubwa nitakalowasimulia ni la boti ya wagonjwa ya Chiwanda, ambayo tulikaribia kuipoteza kwa sababu ya mkutano ambao kila mtu alisema umeenda vizuri.

Lakini nianze na sikio, maana Mama Hyera amelitaja.

Mkutano wangu wa kwanza kabisa ulikuwa na wazee wa kamati ya afya ya Mpepai. Nilipanda kule na simu ya ofisi, nikampa mwenyekiti, nikamwelekeza: "Mzee, ukiitwa, ongea." Nikatoka nje kutafuta kivuli, kwa sababu nilidhani nikikaa pale nitaonekana nawasimamia wazee kama watoto. Kule Dar na kwingineko watu wakaitazama Mpepai kwa dakika kadhaa, na walichokiona ni tundu la sikio lenye nywele za mvi. Mzee aliiweka simu sikioni, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya na simu. Mkurugenzi akaniandikia: "Editha, tunaona pango." Tangu siku hiyo sikumkabidhi tena mtu simu mkononi. Iegemeze kwenye chupa ya chai, usawa wa macho, halafu kaa karibu. Ukikaa karibu hakuna anayejisikia mtoto. Mtu hujisikia mtoto pale anapoachwa peke yake na kitu asichokijua halafu akachekwa.

Kule Mpepai ndiko nilikojifunza habari ya magunia pia. Ofisi ya kijiji ilikuwa na kuta tupu na sakafu ya saruji, sauti inagonga huku inarudi kule, anayesikiliza Dar anadhani tumo ndani ya pipa. Siku moja ofisi ilikuwa na kikao kingine, tukahamia ghala la kahawa. Tukakaa katikati ya magunia, na Mkurugenzi akauliza kama tumenunua mitambo mipya. Gunia linameza mwangwi. Kama huna magunia, tumia magodoro, mablanketi, hata makoti ya wajumbe yaliyotundikwa ukutani. Mbinga kwa baridi yake makoti hayakosekani.

Sasa boti.

Kule Chiwanda, kwenye kijiji kimoja cha ufukweni, shirika lilikuwa limeweka boti ya kubebea wagonjwa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na injini, kitanda cha kamba na turubai la kuzuia jua. Kiangazi watu waliweza kwenda hospitali kwa pikipiki. Mvua zikianza, mto ulio njiani unajaa, barabara inakatika, na njia inayobaki ni ziwa. Nesi wa zahanati, Fidea, tuliyemaliza naye sekondari, aliniambia mara nyingi kwamba boti ile ndiyo wodi yake ya pili.

Mwaka ule wafadhili walitaka kusikia kila kituo kwa sauti ya wananchi wenyewe kabla ya kuamua vifaa vikae wapi. Tukapanga mkutano mmoja, vituo vyote, kila kimoja na zamu yake. Msemaji wa Chiwanda alikuwa mwenyekiti wao, Mzee Challe, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya, anayeheshimika pwani nzima. Nilimwandikia Fidea: saa nne asubuhi. Nikapiga simu kuhakikisha. Nikapiga tena. Fidea akaniambia, "Editha, ukipiga mara nyingine nakuwekea dripu."

Saa nne ikafika. Vituo vyote vimo, Chiwanda hawapo. Nikapiga, simu haipatikani. Nikawasogeza mwisho wa orodha. Walipojitokeza, wametulia, wamevaa vizuri, Mzee Challe na shati jeupe, mkutano ulikuwa umebakiza muda mdogo sana.

"Mbona mmechelewa?" nikamwandikia Fidea pembeni.

"Tumechelewa wapi? Saa nne kasoro hapa!"

Nilifikiri ananitania. Kumbe Chiwanda iko jirani na mpaka, na simu zao wakati mwingine zinakamata mnara wa nchi ya ng'ambo. Ng'ambo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na simu inayojirekebisha yenyewe inazifuata. Kijiji kizima kilikuwa kimefika kwa wakati, kwa saa ya nchi nyingine. Kwa hiyo mkipanga mkutano na watu wa mpakani, waambieni waende na saa ya ukutani ya zahanati au saa ya redio. Simu waizuie isijibadilishe.

Zamu yao ikaja. Mkurugenzi, mama tuliyemwita Dokta, akasema, "Karibu Mzee Challe. Habari za Chiwanda?"

Mzee Challe akasimama. Akawasalimu wakubwa kwa nafasi zao, akampa pole Dokta kwa kazi, akawapa pole wageni kwa umbali, akauliza hali za familia zao, akasema wananchi wote wanawasalimu. Kisha akasema, "Habari za huku ni nzuri, Mama. Tunamshukuru Mungu. Boti ipo, nesi yupo, tunaendelea vizuri."

Mkalimani akawatafsiria wageni. Wakatikisa vichwa kwa furaha.

"Kwa hiyo hali ni nzuri," Dokta akasema huku akitazama saa.

"Nzuri kabisa, Mama. Tunashukuru sana. Sasa..."

"Asante sana, Mzee Challe. Muda umetubana. Tuwapigie makofi Chiwanda."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana ratiba ilikuwa imefika mwisho bila kupitiliza.

Baada ya wiki chache ikaja taarifa. Boti ya Chiwanda itahamishiwa kituo kingine, kaskazini, ambacho kilieleza shida kubwa ya usafiri. Chiwanda wenyewe, taarifa ilisema, hali yao ni nzuri.

Fidea akanipigia. Hakunisalimu, na kwa mtu wa kwetu hiyo peke yake ni habari mbaya.

"Editha, mmetufanya nini?"

"Fidea, mzee alisema..."

"Najua alichosema! Kijiji kizima kinajua. Hapiti sokoni. Jana mama wa kuuza dagaa wa usipa kamwambia mbele za watu, 'Mwenyekiti, ukishukuru tena watakuja kuchukua na ziwa.' Mkwe wake Neema ni mjamzito, Editha. Mvua ziko mlangoni. Uzazi wake wa kwanza pikipiki iliishia mtoni ikarudi, ni boti iliyomfikisha. Unajua mzee ananiambia nini? Kwamba amemuuza mjukuu wake kwa adabu."

Sitawadanganya kwamba nilijua la kufanya. Nilijua kuwaza tu. Niliwaza kwamba Mzee Challe alikosea kusema nzuri, halafu nikawaza kwamba Dokta alikosea kumkatisha, halafu nikawaza kwamba mkalimani angeongeza neno. Mama Hyera akaniona, akaacha kuchapa barua yake.

"Wewe umeacha kunywa chai tangu asubuhi. Sema."

Nikamsimulia. Mama Hyera alianza kazi kabla ya simu za mkononi, enzi mkutano unaitishwa kwa tangazo la kanisani baada ya misa na kwa ujumbe anaopewa kondakta wa basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kukiwa na msiba kijijini kwenu kule Ruanda, mgeni akafika akauliza habari za hapa, unamjibuje?"

"Nzuri."

"Na marehemu yumo ndani?"

"Yumo ndani."

"Halafu?"

"Halafu nasema, ila tumefiwa."

"Basi Challe hakukosea. Alikuwa anaelekea kwenye 'ila'. Mmemkatia njiani."

Wadogo zangu, mimi nimezaliwa na kukulia huku. Nimesema "nzuri, ila" maisha yangu yote. Mama yangu akipiga simu kuniambia mahindi yameliwa na panya, anaanza na nzuri. Dokta naye ni Mtanzania, anayajua hayo. Lakini kwenye kile kioo, na saa ile inayohesabu pembeni, sote tulisahau namna tunavyoongea nyumbani. Tulimsikia mzee akifungua mlango, tukadhani ameshaingia.

Nilimwomba Dokta mkutano mwingine na Chiwanda peke yake. Niliandika ombi lile mara nyingi, nikafuta "samahani" nyingi. Akajibu: "Sawa." Mnaweza kukisia nilivyoshinda siku ile. Lakini siku ya mkutano ilipangwa, kabla ya boti kuondoka, na wageni wawili wa wafadhili wakakubali kuwapo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nikampigia Mzee Challe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mbinga?"

"Nzuri, Mzee. Ila nina ombi. Safari hii, Dokta akikukaribisha, uanze moja kwa moja na shida ya boti. Salamu tuziache."

"Nimweleze mama wa watu shida zangu kabla sijajua ameamkaje?"

"Muda ni mdogo, Mzee."

"Editha, wewe umezaliwa Ruanda au uliokotwa?"

Alikuwa na haki. Kumwambia mzee kama yule aache salamu ni kumwambia aende mbele za wageni bila shati. Angeongea, lakini angeongea kama mtu aliye uchi, haraka na kwa aibu. Nikawaza siku mbili. Salamu haziwezi kukatwa. Muda hauwezi kuongezwa. Siku ya tatu nikiwa dukani kwa Mzee Salumu, muuza vocha na chaja karibu na stendi, nikamkuta anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yake wa Kilwa. Dada alikuwa anasalimia tu. Alimaliza ujumbe mzima anataja majina ya watoto. Mzee Salumu naye akabonyeza, akaanza kujibu salamu, jina kwa jina, huku ananihesabia chenji.

"Habari yenyewe ataniambia kesho," akasema. "Leo tunasalimiana."

Nikaacha chenji pale pale. Akaniita, "We Editha! Bando lako!" Nikarudi.

Salamu zitangulie. Nikamwomba Dokta arekodi ujumbe wa sauti kwa Mzee Challe, siku moja kabla, wa kumsalimia tu, asitaje boti. Nikawaomba wageni nao. Dokta akauliza, "Editha, hii ndiyo ajenda?" Nikamwambia ndiyo, ni ajenda namba moja, tunaimaliza kabla ya mkutano. Akarekodi. Mzee Challe akajibu kwa ujumbe mrefu kama ibada. Dokta akajibu, na katikati akataja kwamba mama yake mzazi anaumwa miguu. Mzee akarudisha ujumbe wa pole na kumuulizia miguu ipi, na kama amejaribu kuikanda kwa maji ya moto. Wale wageni wakajifunza "shikamoo" wakaituma, na Fidea akaniambia mzee aliisikiliza mara nyingi, kila anayeingia anamchezeshea. "Hata yule wa usipa kasikilizishwa," akasema.

Mambo mengine yalibaki, na hapa kuwaza kwangu kulifanya kazi yake. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Zahanati ina bati, ofisi ya kijiji ina bati, nyumba ya Mzee Challe ina bati. Mvua ya ziwani ikipiga bati hata ukipiga kelele husikiki. Nilishuka Chiwanda mwenyewe siku moja kabla, kabla mto haujajaa, nikazunguka kijiji naangalia mapaa. Nyumba tulivu kuliko zote ilikuwa jiko la Fidea, la nyasi.

Mzee Challe aliposikia, alikunja uso. "Nina nyumba ya bati geji ishirini na nane, nimeijenga kwa jasho langu, halafu wageni wa nje wanione kwenye jiko la nyasi?"

"Mzee, mvua..."

"Watasema hata mwenyekiti wao analala na moshi."

Usipuuze jambo kama hilo. Mtu anayeonea haya mahali alipokaa haongei vizuri, hata kama sauti inafika safi. Fidea akaingia ndani, akatoka na shuka lake la harusi, jeupe lenye maua yaliyodariziwa. Tukalitundika nyuma ya kiti. Tukaleta magunia mawili ya mpunga tukayaweka pande zote mbili, tukayafunika vitenge. Nikamwonyesha mzee picha yake kwenye simu. Akajitazama sana.

"Hapa ni kama kwa askofu," akasema. Akakubali.

Tukafanya mazoezi saa ileile ambayo mkutano ungeanza kesho yake, mvua ikinyesha vilevile. Simu tuliizuia isijibadilishe saa, Fidea akaiangalia mara mbili na saa ya zahanati. Ndugu na jamaa wenye tabia ya kupiga piga waliambiwa wakae kimya, maana simu ikiingia katikati inavunja mkutano. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikawaza: mtandao ukikata je? Nikaweka simu ya pili, kitochi cha Fidea chenye laini ya kawaida, juu ya gunia. Kikitakiwa, kitapigiwa moja kwa moja kutoka Mbinga, na sauti itapita hapo mpaka kwenye kompyuta ya mkutano. Mama Hyera aliachwa Mbinga na kazi hiyo moja tu, kukaa kwenye kompyuta, simu ya mezani mkononi, anasubiri.

"Nimekuwa mlinzi wa kitochi," akalalamika.

Siku ikafika. Mvua ikaja kama ilivyoahidiwa, na kwenye jiko la nyasi ilisikika kama mtu anayepeta mchele nyumba ya jirani. Mzee Challe alikaa katikati ya shuka la harusi. Neema alikuwa nyuma ya kamera, kwenye kigoda, mtoto mgongoni, tumbo mbele.

Dokta akatokea. "Shikamoo, Mzee Challe."

"Marahaba, Mama. Miguu ya bibi?"

"Ameanza kutembea mpaka uani."

"Tunashukuru. Basi salamu tulimaliza jana." Akavuta pumzi. "Ila."

Na hapo hapo picha ikaganda. Mzee Challe akabaki mdomo wazi, kidole hewani. Kisha kitochi kikaita juu ya gunia. Mama Hyera, Mungu ambariki, hakusubiri kuambiwa. Nikakipokea nikakiweka karibu na mzee, nikamwashiria: endelea. Akaendelea. Kule kwao uso ulikuwa umeganda, lakini sauti ilitembea.

"Ila boti hiyo, Mama, ndiyo barabara yetu. Mvua hizi mnazozisikia zikiongezeka kidogo, mto unajaa, na pikipiki haipiti. Mkwe wangu yuko hapa nyuma ya simu. Mtoto wake wa kwanza alifika hospitali kwa boti hiyo. Mnamsikia, ndiye huyo anayelia. Na sasa amebeba mwingine. Nilipoulizwa habari nikasema nzuri, na ilikuwa nzuri kwa sababu boti ipo. Nilitaka kusema hivyo. Mkiichukua, sitawagombeza. Nawaomba tu mniambie nimwambie nini huyu binti."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimsikia mkalimani kwenye kitochi akitafsiri polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye "huyu binti". Kisha Dokta akasema, "Mzee, siku ile nilikuwa natazama saa. Nisamehe." Wageni wakaomba dakika chache wazungumze wenyewe. Tukakaa tunasikiliza mvua. Fidea akaanza kumpa mtoto kipande cha muhogo ili anyamaze, mzee akamzuia. "Mwache alie. Naye ni mjumbe."

Waliporudi, Dokta alisema boti haitoki Chiwanda mvua hizi, na kwamba kituo cha kaskazini kitatafutiwa njia yake, maana nao wana wajawazito wao. Mzee Challe akasimama, akashukuru. Safari hii alishukuru kwa kifupi. Nadhani aliogopa yule mama wa usipa.

Neema alijifungua mvua zikiwa bado hazijaisha. Mto ulikuwa umejaa. Alikwenda kwa boti.

Mikutano iliendelea, mmoja baada ya mwingine, na mingi siikumbuki. Mkutano mzuri ndivyo ulivyo, haukumbukwi na yeyote. Lakini nitawaambia wa mwisho niliouandaa kabla hawajanipa jembe. Salamu zilitangulia siku moja kabla, kama kawaida. Simu ilikuwa kwenye chupa ya chai, shuka la harusi ukutani, kitochi juu ya gunia. Dokta akauliza kama alivyouliza siku ile ya kwanza, "Habari za Chiwanda, Mzee?"

"Nzuri, Mama."

Dokta akanyamaza. Hakutazama saa. Wageni nao walikuwa wameshajifunza, wakanyamaza wakisubiri. Mkalimani akasubiri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza: injini imeharibika, nesi anahama, mtoto anaumwa. Kwenye kioo Mzee Challe alitutazama sote, mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka.

"Leo hakuna ila," akasema. "Leo ni nzuri tu."